Wasiohudhuria bila Taarifa

Kikao kilifunguliwa saa nne badala ya saa tatu,
maana ukungu ulikuwa umeikalia barabara ya Uyole
na basi la kutoka Makete lilikwama Isyonje.
Waliohudhuria: kumi na saba.
Akidi ni kumi na tano. Mwenyekiti alihesabu mara mbili,
kwa kidole, kama anavyohesabu mbega matawini.

Mimi ndiye katibu.
Kalamu ni ya chama, kofia ya sufu ni yangu.

Ajenda ya kwanza: ada.
Wanane wanadaiwa tangu mwaka juzi.
Mhazini, Bwana Lusajo Mwaisumo, alisema
chura wa kiangazi hujizika ardhini miezi sita
na bado huamka;
mwanachama akilalia ada, hayo ni mazishi.
Watu walicheka.
Kicheko sikukiandika. Fomu haina nafasi yake.

Ajenda ya pili: ripoti ya uwanda wa Kitulo.
Dokta Anyosisye Mwambungu alitundika ramani,
ikaanguka, akaitundika tena.
Viwanja arobaini, mita kumi kwa kumi,
kamba, vigingi, magoti yaliyolowa umande.
Mwaka wa kwanza, maua mia tatu na sita.
Mwaka huu, kumi na tisa.
Akalitaja ua kwa Kilatini, taratibu,
kama mtu anayemtaja marehemu mbele ya wajane.

Hapo mgeni akanyoosha mkono.
Bi Tulisubya Tweve wa Matamba, mwalikwa, hana kura.
Alikuwa amekaa karibu na mlango, kapu mapajani.

Akasema: Hiyo ni chikanda.
Nimeichimba miaka tisa.
Debe moja la viazi vyake ni sare na viatu,
mawili ni karo ya muhula.
Wanunuzi walivuka Tunduma na magunia yao,
jina hawakuuliza.
Mnauliza ninyi, leo, udongo ukiwa mtupu.
Kila shimo nililifukia kwa kisigino.
Naweza kuwaonyesha yote, hata usiku.
Ninyi mna ramani. Mimi nina visigino.

Chai ikapoa vikombeni.
Mjumbe mmoja alitaka aitwe askari wa hifadhi.
Mwingine alitaka apewe kadi ya uanachama.
Ikasomwa katiba, ibara ya nne: *awe na shahada*.
Shahada ya nini, aliuliza mtu wa nyuma,
na swali hilo likala dakika arobaini.
Niliandika: Wajumbe walijadili kwa kina.
Niliandika: Iundwe kamati ndogo.

Mengineyo.
Bi Tweve alitoa kwenye kapu kopo la mafuta ya kupikia,
ndani udongo mweusi wa kwao, na viazi vitatu
alivyovificha asiviuze, hajui kwa nini.
Viwili vimeoza, alisema. Hiki kina jicho.
Dokta alivua miwani, akainama,
akakaa hivyo muda mrefu kuliko ripoti yake yote.
Mwenyekiti akaninong'oneza: kopo liandikwe wapi?
Sikujua.

Usiku, nyumbani Soko Matola, nilinakili kumbukumbu
hadi pale panapoandikwa kila mara:
*Wasiohudhuria bila taarifa.*
Nikaweka majina ya wale wanane wa ada.
Kalamu ikaendelea yenyewe:
chura wa kijito cha juu ya Ngumbulu,
hajasikika tangu mikaratusi ipandwe;
ndege mmoja wa majanini, ambaye
aliyemwona mara ya mwisho ni mimi,
nami sikuwa na daftari siku ile;
chikanda, mia mbili themanini na saba.
Nafasi ikaisha, nikageuza karatasi.

Kisha nikarudi ukurasa wa kwanza,
nikakata kumi na saba,
nikaandika kumi na nane.
Wa kumi na nane ni nani, sikutaja.

Mwenyekiti atasaini kikao kijacho,
akidi ikitimia.