Unga Haukandwi Hivyo

Nilishuka Molfetta mwezi wa Novemba na maneno arobaini
niliyoyakariri ndani ya basi kutoka Kutaisi,
siku tatu, mpaka baada ya mpaka,
daftari la mwanangu magotini:
mkate, dawa, pole, choo, naelewa.
"Naelewa" ndilo nililolitumia zaidi,
na ndilo pekee lililokuwa la uongo.

Kwetu Zestafoni nilifundisha kemia miaka kumi na tisa.
Darasa lilinyamaza nikikohoa tu.
Hapa, muuza samaki alinisemesha kwa kupaza sauti
kana kwamba nina nta masikioni,
nami nikaelekeza: hiyo. Mbili. Hiyo.
Mwalimu mzima, nimebaki kidole.

Bibi Incoronata, miaka themanini na minane,
hakujua kwamba ananifundisha.
Alijua tu kwamba unga haukandwi hivyo.
Alinichapa kikofi mkononi, akalitaja kosa kwa jina lake,
akakitaja kisu, akakitaja kidole gumba,
na kile kishimo kinachobaki
ukishakiburuta kipande cha unga ubaoni
na kukivika gumba kama kofia.
Kila neno nililila siku hiyohiyo, na mchuzi.

Mwaka wa pili nikaenda posta kutuma fedha.
Nikaomba fomu kwa ufasaha, hata kwa madaha kidogo.
Kijana wa dirishani akatumbua macho,
akamwita mwenzake: "Njoo, njoo umsikie!"
Kumbe Kiitaliano changu hakikuwa Kiitaliano.
Kilikuwa maneno ya shambani, ya kabla ya vita,
ya watu waliokwisha kuzikwa na majembe yao.
Nilikuwa nimemwambia: "Mwanangu, nipe hicho kikaratasi,
na Mungu akutunzie punda wako."

Sikuona haya.
Nadanganya. Niliona haya hadi kona ya kanisa,
hapo nikacheka, peke yangu, nimeegemea ukuta,
na sijui nilicheka kwa lugha ipi.

Usiku ulikuwa na shida yake.
Kwa Kijojia (si mimi niliyepanga)
baba ndiye mama. Mama ni deda.
Na Incoronata, ikifika saa nane za usiku,
aliita kutoka chumba cha pili: Mamma! Mamma!
Nami, kabla akili haijavaa viatu,
nilimwona baba yangu mlangoni
na koti lake la reli, theluji mabegani,
ameitikia wito usio wake.
Hivyo niliamka mara mbili: kwanza binti,
kisha mfanyakazi, natafuta taa.

Aprili, damu ikaziba upande mmoja wa kichwa chake.
Maneno yakahama kama wapangaji wenye deni,
usiku, bila kuaga.
Binti yake Mariangela akaja kutoka Torino
na Kiitaliano kilichopigwa pasi.
Akampangia kadi za picha: tufaha. Ufunguo. Paka.
Mama mtu akazitazama
kama nilivyomtazama mimi yule muuza samaki.

Walipokwenda kulala nikaleta unga.
Nikauchukua mkono uliokufa ganzi, nikaulaza ubaoni,
nikataja kisu kwa jina lile la kwake,
ambalo hutalikuta kwenye kamusi.
Nikataja gumba. Nikataja kosa.
Jioni ya pili vilevile. Ya tano. Ya tisa nilichoka,
nikakanda ovyo, bila kusema kitu.

Kikofi.
Kidogo, cha mkono mzima.
Midomo ikapinda, ikahangaika, ikapata:
unga haukandwi hivyo.

Mariangela alikuwa amesimama kizingitini, pekupeku.
Alisikiliza sentensi ile ikirudiwa mara tatu,
mara ya tatu akalia,
halafu akaniuliza kwa upole, kama anayeuliza bei:
"Mbona mama sasa anatamka kama wewe?"

Sikumjibu.
Mikono yangu ilikuwa imejaa unga.