Leso ya Mghoi

Mghoi nilimwomba leso, si mpya,
ile aliyoilalia wiki nzima, haijaona sabuni.
Akacheka kwenye simu: "Mama Rukia, waniroga?"
Mwanangu, ningekuwa na uganga
ningeanza na mwenye nyumba na kodi yake.

Ikaja imekunjwa ndani ya mfuko wa unga:
jasho la msichana wa Kitaita, mafuta ya nazi,
moshi kidogo wa jiko la kwao Mishomoroni.
Nikaitandaza karibu na bakuli la Bizari.
Siku ya kwanza akaizunguka kama deni.
Ya pili akaipiga kofi.
Ya tatu nikamkuta amejikunja katikati ya mji wake,
pua juu ya jina, herufi nyekundu:
NIJUE KWANZA NDIPO UNISEME.

Mbwa ni habari nyingine.
Kitmiri tulimpa jina la yule mbwa wa watu wa pangoni
aliyenyoosha miguu kizingitini
akalinda usingizi wa wema karne tatu na ushei.
Huyu wetu hata adhuhuri halali.
Yeye na ua wa nyuma, hapa Tudor,
na kila asemaye hodi ni mwizi
mpaka athibitishe kinyume.
Wifi yangu Kibibi hufika na udhu wake
ameukumbatia kama trei ya mayai.

Basi nikamwajiri Shekue, mtoto wa jirani, miaka tisa,
mshahara mabuyu ya shilingi kumi kwa siku.
Kazi: toka nje, gonga geti, sema hodi.
Mimi ndani na mapafu ya kuchemsha,
nimeyakata madogo kama kucha.
Hodi, kipande. Hodi, kipande.
Hodi, akabweka: hapati kitu, natazama mawingu.
Kufikia hodi ya thelathini
Kitmiri anaketi kitako kabla geti halijalia,
mate yanamdondoka,
na Shekue anadai nyongeza.

Mghoi alipokuja mwenyewe nilimkanya:
Usimwite paka. Usimkodolee. Usimwinamie kama daktari.
Keti mkekani, upande upande, shika kazi yako.
Akikutazama, fumba macho polepole, fumbua;
kwao hiyo ndiyo salaam aleikum.
Akachukua ungo, akachambua mchele,
kibaba kizima, chuya moja moja.
Bizari akatoka chini ya kabati, mkia wima kama alifu,
akanipita mimi,
mimi niliyemlisha maziwa kwa pamba
siku alipookotwa mtaroni Marikiti,
akapanda mapajani kwa Mghoi, akaanza kunguruma.

Nikasema mashallah. Nikaenda jikoni.
Maji hayakuwa yamechemka, lakini niliyatazama.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Ya tatu nilimpa kamba ya Kitmiri, ufunguo wa geti,
nambari ya daktari wa mifugo, na karatasi:
dawa ya masikio Jumatatu,
mifupa ya kuku asipewe hata akilia,
radi ikipiga mfungulie stoo, kaa naye, usiongee sana.
Miezi miwili naenda Maskati, kwa binti yangu,
mjukuu wa kwanza.

Hodi tuliifanyia mazoezi mara mia.
Kwaheri hatukuigusa.

Alfajiri teksi ilipopiga honi
Kitmiri akaketi kitako, akangoja chake.
Mapafu yalikwisha jana.
Nikaufungua mkate wa mofa niliojifungia wa safari,
nikamegua, nikamegua tena,
na dereva anatazama saa.

Juzi Mghoi amenipigia.
Kibibi alifika, akasema hodi,
mbwa akaketi kama mwanachuoni, hakumgusa hata pindo.
Akaingia, akaona ile leso yako uliyoiacha kitini,
akasema inanuka, akaibeba kwenda kuifua.
Nimemnyang'anya, mama. Utanisamehe.
Inalaliwa.