Hodi Kwenye Mita Arobaini

Tangu shirika la reli linipe mkono wa kwaheri
na redio mbovu niliyoifufua kwa lehemu na subira,
kila saa tatu usiku nakaa Chumbageni
chini ya waya uliotoka tangi la maji hadi paa la jirani,
nabonyeza kitufe, nauliza kama nilivyolelewa:
Hodi. Masafa haya yana mwenyewe?
Mara tatu. Kisha nanyamaza.
Asipoitika mtu, naingia.

Usiku ule Ntahondi wa Kigoma
alikuwa ananisimulia alivyomuuguza mkewe.
Akafika alfajiri ya mwisho, akasema,
"Akanishika mkono, akaniambia—"

Ikaingia firimbi.
Nzi wa chuma ndani ya jagi.
Sekunde kumi na tano anaimba, kumi na tano anapumua,
na katika kupumua kwake nikasikia tu:
"...basi, tukamzika saa kumi."

Nilitukana. Naam, mimi, mtu mzima.
Kesho yake nikafunga antena ya duara kwenye baiskeli,
nikaizungusha kila kona ya Ngamiani
hadi firimbi ikanipeleka barabara ya kumi na nne,
mlango wa kijani, nikapiga hodi kwa ngumi.

Akatoka kijana, Nehemia Shekalaghe, fundi simu.
Mezani kompyuta yenye ufa, betri ya pikipiki,
na kwenye kioo mistari inateremka kama mvua ya rangi.
Nikamwambia yote. Hujui kubisha? Huna masikio?
Akafungua kinywa.
"Ma— ma— ma—"
Shingo ikamsimama mishipa. Neno halikuzaliwa.
Akageuza kibodi, akaandika:
*Mashine haisikii sauti za watu, mzee.
Inaona mistari tu. Nilidhani pamejaa upepo.*
Kisha, polepole:
*Huku hakuna anayenimalizia maneno.*

Nikakaa kwenye ndoo ya rangi.
Nikakumbuka stesheni, kidole changu kwenye shaba,
nukta, mstari, nukta,
miaka ishirini naongea bila ulimi
na hakuna aliyeniita nzi.

Hatukuandikiana mkataba.
Nilimfungia kipaza kidogo pembeni ya kioo,
asikilize kwanza kabla ya kuiachia mashine yake.
Mimi nikasogea kilohezi tatu chini,
nikanung'unika, maana kule Wakongo wana kelele.

Juzi nikauliza: Hodi. Pana mwenyewe?
Mara ya pili, kitu kikakwaruza.
"Ka—"
Sikubonyeza.
"Ka— ka—"
Nikawasha dawa ya mbu. Ikashika moto, ikazima, nikaiwasha tena.
Kigoma nako Ntahondi yupo, namsikia mtoa hewa
wa redio yake ukivuma, naye hasemi kitu.
"Karibu."

Halafu akapanda juu, kwa firimbi zake.

Tukabaki wawili na upepo.
Ningeweza kumuuliza wakati ule, mkewe alimwambia nini.
Nikamuuliza bei ya dagaa.