Sentimita Mbili

Kisanduku kilifika Mau Narok mwezi wa pili,
kimelazwa ndani ya povu jeupe kama yai linaloatamiwa.
Kijana wa kampuni akakipachika juu ya paa la trekta,
akapangusa mikono, akatuambia:
"Sasa haitakosea mstari. Sentimita mbili tu."

Sentimita mbili. Nilizipima kwa kidole,
kutoka ukucha hadi mkunjo wa kwanza, na hazikufika.
Miaka kumi na minane mistari yetu ilishikwa na Sigei:
asimame mwisho wa shamba na kitambaa kwenye ufito,
dereva amlenge, dawa imnyeshee,
kisha apige hatua kumi na tano kando, asimame tena.
Alikuwa alama yetu.
Alikuwa na kikohozi.

Mimi ndiye mweka hesabu, basi niandike.
Mbolea: mifuko ishirini na mitatu imebaki stoo.
Dawa: hatumwagi tena mara mbili pale mistari inapopandana.
Dizeli: imepungua, ingawa si kama walivyoahidi.
Hayo ni kweli, na sitayakana
eti kwa kuwa napenda ya zamani.
Ukurasa wa pili: leseni ya mwaka, kwa dola,
na dola haijawahi kuuliza bei ya ngano Njoro.
Fundi kutoka Nakuru, mafuta yake, chakula chake,
dakika arobaini akiikodolea skrini
kisha akaizima, akaiwasha.
Ukurasa wa tatu nimeuacha mtupu. Ndipo pa Sigei.

Ramani ikaja na rangi zake.
Manjano mteremkoni, nyekundu penye mawe,
na katikati mraba wa kijani kibichi, kibichi mno,
usio na sababu.
"Hapa punguza mbolea," ikashauri, "udongo umeshiba."
Kweli umeshiba.
Hapo palikuwa na boma la akina Gachanja:
ng'ombe kumi na mmoja, zizi, jiko la nje, majivu.
Majivu hasa,
mwaka ule ambao huku hatuutaji kwa tarakimu.
Setilaiti iliona kila kitu isipokuwa kilichotokea.
Nikabonyeza "kubali".
Ngano ya pale haikuhitaji kitu kutoka kwetu.

Mwaka uliofuata, mwezi wa saba, malipo yakachelewa,
leseni ikakatika Ijumaa jioni,
kutu imeshaanza kuuma majani ya chini.
Trekta nzima, tangi limejaa, dereva ameketi,
na skrini inatuomba namba kwa upole mwingi.
Nikampigia Sigei.
Akaja alfajiri na kitambaa chake, kimefuliwa,
na bei mpya.
"Ya barakoa ongeza," akasema.
"Na ya miaka ile tutaongea."

Akapiga hatua kumi na tano, akasimama.
Akapiga tena.
Jua lilipotoka nikaenda na futi kamba kupima:
alikuwa amekosea shibiri moja, mahali pamoja,
kando ya ule mraba,
alipouzunguka badala ya kuukanyaga.

Nimeiandika hiyo shibiri daftarini.
Siku ya tatu leo, kalamu mkononi,
sijui niiweke safu ya hasara
au nimfuate kwanza, nimuulize.