Lori Lisilotulia

Kinyanambo, Juni, ukungu umekalia misindano.
Magogo tisa kwenye sleji ya chuma, nyororo imekazwa.
Lori linaguna, linatapika moshi,
halafu nyuma linaanza: du, du, du,
kama mbuzi aliyefungwa mguu.
Matairi yanagusa tope, yanaliacha, yanaligusa tena,
na kila yakiliacha, mzigo unatucheka.

Nikakanyaga. Kukanyaga ndiyo tiba niliyoijua.
Saa nne krosi ya propela ikakatika.

Tumwidike akaja na baiskeli, spana ndani ya soksi.
Hakuuliza habari za injini. Alilala topeni,
akaigonga springi kwa kidole, kama anunuaye chungu.
"Injini haina dhambi. Mgongo ndio unajikunja,
unajikunjua. Nguvu zenu zinaishia hewani."

Akaongeza jani la springi, akakaza yuboti,
akatupa shokapu zilizokuwa zinalia mafuta,
akachomelea vyuma viwili toka ekseli hadi chesi,
ndoano akaishusha shibiri nzima,
akatoa upepo kidogo mpaka mpira ukakaa kitako.

Mimi nilishika tochi. Vidole vilikufa ganzi.

Jioni nikaachia klachi polepole,
kama unavyomfunika mtoto aliyelala.
Lori likainama, likauma ardhi,
likaondoka bila neno.

Nyuma yetu, mistari miwili kwenye tope,
haikukatika popote.
Tumwidike alikuwa anahesabu spana.
Kumi na saba haikuonekana.
Tuliitafuta mpaka giza.