Zamu ya Maji

Kila Jumatatu napanda na kitita cha funguo
kufungua mabomba ya watu wasiokuja.
Maji yasipopita, asema msimamizi Sasidharan,
mifereji hukauka, na harufu ya chini
hupanda mpaka kwenye marumaru.

Leo, ghorofa ya arubaini na nne:
godoro bado limo ndani ya nailoni,
kiti kinaitazama bahari ya Dubai
mwaka wa tatu sasa, peke yake.
Nikavuta maji chooni. Nikahesabu hadi sitini,
bomba la jikoni likikohoa kutu
kabla ya kutakata.

Kambini Al Quoz tuko wanane chumba kimoja.
Letu hukatwa saa tatu usiku.

Kwenye lifti nikaikumbuka taa.
Sikurudi.
Acha mtu huko chini
adhani kuna aliyefika nyumbani.