Nyota Ngapi

Mhariri hutaka nyota. Ngapi kati ya tano,
kabla ya saa kumi Alhamisi,
na mwisho usifichue.
Miaka ishirini na sita nagawa nyota
kama mtu agawaye chumvi kwa majirani,
kijiko hapa, kijiko kule,
na mwenye picha akinuna, anune.

Leo Twaufiki, kijana wa mafunzo, kaniuliza kwa adabu:
"Bi Thureya, wewe hasa, waipenda picha gani?"
Nikamtajia tatu, zile wasomi huzitaja.
Uongo. Nilidanganya huku nakoroga chai.

Niipendayo niliiona Jumatano,
onyesho la wanawake, saa nane mchana,
ukumbi wa nyuma ya Makadara ambao sasa ni duka la magodoro.
Nina miaka saba. Shangazi Swafiya kanifunika kwa buibui lake,
maana tikiti ni moja na sisi wawili.
Kiti cha mbao chabana mapaja,
sakafuni maganda ya njugu na ndimu zilizokamuliwa,
na kina mama wamjibu jambazi
kwa matusi ambayo nyumbani hayatamkwi.

Picha ya Kihindi. Maandishi ya chini hayakuwepo,
na yangekuwepo ningeyasomaje?
Shangazi akanitafsiria sikioni, pumzi yake iliki:
"Huyu ni kakake, walipotezana sokoni.
Mama kapofuka kwa kulia.
Sasa amwambia: mwanangu, hata ukiua, rudi,
mlango sijautia komeo."
Nililia mpaka buibui likaloa.

Mkanda wa pili ukakawia.
Uliletwa kwa baiskeli kutoka ukumbi wa Mwembe Tayari,
na baiskeli, tukaambiwa, imepata pancha.
Nusu saa gizani. Shangazi hakungoja;
akaendelea kusimulia,
na mkanda ulipofika ulimkuta yuko mbele.

Nimeona nyingi tangu hapo.
Za mvua ya Ulaya, dakika kumi hasemi mtu,
nyingi niliziheshimu, moja nikaipenda:
mzee akunja shuka za marehemu mkewe, basi.
Za vibanda vya Majengo, ambako msimulizi huivamia sauti
na jasusi wa Kizungu akaitwa Chuma wa Bondeni;
wenzangu huita huo uharibifu,
mimi hutoa shilingi ishirini nikakaa nyuma.
Na ya juzi, ya binti wa Kisauni, kaipiga kwa simu:
foleni ya maji, ndoo ya manjano isiyosogea, dakika sabini.
Niliipa nne. Ya tano niliizuia kwa sababu ya muziki.
Akaniandikia: "Ule si muziki, ni jenereta ya jirani."
Ningeirudisha ile nyota,
lakini gazeti lilishafungiwa maandazi.

Mwaka jana mpwa wangu kaipata ile ya Jumatano,
imesafishwa, rangi kama peremende,
na chini maandishi meupe.
Nikaitazama usiku, miwani puani.
Si kakake. Ni mdai wake.
Mama haoni vibaya, amefumba macho kwa hasira.
Na pale mlangoni, nikarudisha nyuma mara nne,
asema: "Toka. Usirudi."

Shangazi hakujua Kihindi.
Alijua salamu, na bei za vitambaa.
Alikuwa na mwana, Athmani, aliyeondoka kwa ugomvi
mwaka kabla ya ile tikiti, asiandike.
Mlango wake kule Kibokoni haukuwa na komeo.
Sisi watoto tulidhani limevunjika.

Jana nilipita kwenye magodoro.
Nikauliza bei ya nne kwa sita, nikalikalia,
kwa kukisia safu ya tano,
nikatazama ukuta.
"Mama, hilo gumu," muuzaji akasema, "nikutolee laini?"
Nikamwambia, ngoja kidogo,
mkanda wa pili haujaja.